Haiba, Nguvu Ivutayo Mioyo

Katika kila usharika yuko mtu ambaye akiingia mkutanoni nyuso zote humgeukia. Hana cheo, wala hakuamuru neno, lakini shauri lake hupita upesi kuliko la wengine. Nguvu hiyo twaiita haiba. Wengi hudhani ni uzuri wa sura tu. Tuitafute asili yake katika habari za Absalomu mwana wa Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 14 hata wa 18.

Absalomu alikuwa mzuri kupita watu wote wa Israeli. Nywele zake zilipokatwa zilipimwa shekeli 200. Tena alijiwekea gari na farasi, na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Lakini nywele na farasi watu huvitazama, wakastaajabu, wakaenda zao. Kilichowanasa ni jambo dogo zaidi. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya langoni, na kila aliyekuja na daawa yake alimwita na kumwuliza atoka mji gani. Mtu wa shamba, ambaye hapana amjuaye Yerusalemu, aulizwa habari za kwao na mwana wa mfalme! Akitaka kuinama, alishikwa mkono, akabusiwa. Hapo ndipo moyo wake ulipoibwa.

Basi twaona kwamba haiba ni kumfanya mtu ajione kuwa ni mtu. Tena nusu ya nguvu yake hutoka katika uhitaji wa wale wanaovutwa. Max Weber, mtaalamu Mjerumani, ambaye kitabu chake kikubwa kilitolewa mwaka 1922 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba mamlaka ya namna hii husimama maadamu watu waitambua. Absalomu alikuta uhitaji langoni. Aliposema kwamba mfalme hakuweka mtu wa kuwasikiliza, aliaminiwa upesi, na neno kama hilo haliaminiwi bure. Mchungaji au mzee ambaye mlango wake hufungwa kila mjane ajapo na shida yake, asishangae mjane akimfuata mwingine aliyemshika mkono.

Walakini tuzitazame hukumu za Absalomu. Kila mtu aliambiwa kwamba maneno yake ni mema. Mshitakiwa hakuitwa, na kama angalipita langoni kesho yake, naye angaliambiwa vivyo hivyo. Hapo langoni aliwapa wote furaha ya kushinda, wala hapana kesi iliyokatwa. Kwa hiyo tunapochagua wazee wa usharika, tuulize hili kwanza: je, mtu huyu amewahi kumwambia rafiki yake kwamba amekosa? Apendwaye na pande mbili za ugomvi kwa kuwa amezikubali zote mbili, huyo hajapatanisha mtu. Watu 200 walitoka Yerusalemu pamoja na Absalomu kwenda Hebroni. Walikuwa wamealikwa tu, hawakujua neno lo lote. Siku ya vita walianguka watu 20,000.

Tusisahau kwamba Daudi naye alikuwa na haiba, pengine kuliko mwanawe. Alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu yalipatikana kwa kuhatirisha roho za watu. Tena siku ile alipouacha mji wake akimkimbia Absalomu, alimwona Itai Mgiti, mgeni aliyefika juzijuzi, akifuatana naye. Daudi hakumbembeleza, alimwambia arudi, awarudishe na ndugu zake, maana yeye mwenyewe hakujua aendako. Itai akakataa. Akavuka pamoja na mfalme, yeye na watu wake wote, na watoto wadogo waliokuwa pamoja naye.