Nyota Ndogo za Buluu Zenye Harara Kuu

Swali: Nyota hizi asili yake ni nini, nazo hutazamwaje?

Jibu: Aghalabu, ndugu msomaji, asili yake ni nyota mfano wa jua letu, iliyokwisha kuvimba ikawa jitu jekundu, kisha, heliamu ilipokaribia kuwaka ndani yake, ikavuliwa na nyota mwenziwe takriban joho lake lote la haidrojeni, kikabaki kiini chenye uzito wa karibu nusu ya jua na harara ya usoni ya digrii 20,000 hadi 40,000.

La ajabu zaidi lilidhihirika mwaka 1997: huko Sutherland, Afrika Kusini, nuru ya mojawapo, EC 14026, ilionekana ikipanda na kushuka kila sekunde 144, na kwa mapigo hayo wanafalaki huchunguza batini yake. Kwa macho matupu hazionekani, sharti darubini.