KUTAYARISHA BATI LA MOTOKAA KABLA YA KUPAKA RANGI

Twaulizwa mara nyingi kwa nini motokaa iliyopakwa rangi mpya huanza kubambuka kabla ya mwaka kutimia. Watu wengi hudhani kwamba rangi ni mbovu. Aghalabu sivyo.

Huku kwetu Kibosho twalijua lori moja la kuchukulia kahawa na ndizi mpaka Moshi. Mwenyewe alitumia fedha ya mavuno ya msimu mzima kulipaka rangi ya buluu katika karakana moja. Lilipotoka liling'aa hata watoto wakajitazama nyuso zao ubavuni mwake. Masika yalipoanza, malengelenge yakatokea nyuma, kisha rangi ikabambuka vipande vipande kama maganda makavu ya mgomba. Tulipokwangua kwa kisu tukaona chini yake ungaunga wa kijani. Ulikuwa mrututu, ile dawa ya mikahawa, uliomwagika siku za nyuma wala haukuoshwa.

Basi sababu ni hii. Rangi, ingawa yaonekana nzima, hupitisha unyevu kidogo kidogo. Chumvi iliyofunikwa chini yake huuvuta unyevu huo, maji yakakusanyika, nayo rangi ikainuka. Tena shaba iliyomo katika mrututu huzidisha kutu katika chuma. Hata jasho la kiganja lina chumvi, kwa hiyo bati lililokwisha safishwa lisiguswe kwa mkono mtupu.

Mafuta nayo yana madhara yake. Rangi huyakimbia, ikaacha vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki. Adui mkubwa hapa ni silikoni, iliyomo katika dawa nyingi za kung'arishia matairi na motokaa. Tone dogo latosha kuharibu mlango mzima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha kwa maji na sabuni, wala si kupiga msasa. Mafundi wengi hugeuza utaratibu huu, maana kazi ya msasa huonekana na mwenye gari, na ya sabuni haionekani. Lakini msasa ukipita juu ya mafuta huyasugua yakaingia ndani ya mikwaruzo, na kuyatoa humo ni taabu. Baada ya kuosha, futa kwa dawa ya kuondolea mafuta, ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza kibichi kwa dawa, cha pili kikavu, kikifuata upesi kabla dawa haijakauka. Mafuta ya taa hayafai, kwani huacha utando. Petroli nayo ni hatari ya moto.

Ukitaka kujua kama bati ni safi, mwagia maji safi. Yakijikunja matone kama juu ya jani la gimbi, mafuta yangalipo. Yakitandaa yote pamoja, endelea.

Kutu iondolewe mpaka chuma king'ae, kwa msasa wa namba 80, kisha 180 na 320 ili kulainisha kingo. Rangi ya kwanza ipakwe siku iyo hiyo, maana katika ukungu wa mlimani chuma kitupu hushika kutu upesi. Penye puti usipige msasa kwa maji, kwani puti huyanywa na kuyaficha. Rangi ya kwanza ikikauka, ilainishwe kwa namba 400, ifutwe tena kwa vitambaa viwili, ndipo ipakwe rangi yenyewe.

Saa nayo iangaliwe. Asubuhi bati huwa na baridi kuliko hewa, na umande hukaa juu yake bila kuonekana. Yafaa bati lizidi kiwango cha joto cha kufanya umande kwa digrii 3 au zaidi. Kwetu maana yake ni kungoja jua lipande.

Lile lori lilikwanguliwa lote na kuanzwa upya. Matayarisho yalichukua siku nne, na kupaka rangi hakukufika nusu ya siku. Rangi iliyotumika ilikuwa ile ile, iliyosalia katika makopo ya kwanza.