Deni Dogo la Dukani

Katika mtaa wowote wa Tabora, kama katika miji yetu mingine ya Tanzania, siku haipiti bila ya mtu kumhitaji jirani yake. Asubuhi mtoto atumwa robo kilo ya sukari na kibiriti. Mama apita gengeni kutwaa fungu la nyanya, kisha dukani kwa mafuta ya kupima. Baba apeleka viatu kwa fundi aketiye chini ya mwembe. Jioni yakumbukwa kwamba sabuni imekwisha. Safari hizi ni fupi, nasi twaziona kuwa si kitu. Hata hivyo, ndimo mtu anamojenga jina lake au kulibomoa. Leo tutazame jambo moja tu lililomo ndani yake, nalo ni deni dogo la dukani.

Karibu kila mwenye duka la mtaani ana daftari. Humo ameandika: Mama fulani, unga kilo mbili, Mzee fulani, sabuni kipande kimoja. Hakuna rehani, hakuna mdhamini, wala hakuna riba. Benki haimkopeshi mtu kwa namna hiyo. Mkopaji hupewa kwa sababu ajulikana: nyumba yake yajulikana, watoto wake wajulikana, na deni la mwezi uliopita alililipa. Huo ndio uaminifu, nao ni akiba ya maskini. Siku fedha zinapokosekana, akiba hiyo hulisha watoto.

Lakini wengi hawafahamu deni hilo dogo lina uzito gani kwa anayelidai. Na tufanye hesabu. Tuseme mwenye duka apata faida ya shilingi 100 katika kila kilo ya unga. Jirani akopa vitu ambavyo mwenye duka mwenyewe alivinunua kwa shilingi 2,000, kisha halipi. Ili kuzirudisha shilingi hizo 2,000, mwenye duka hana budi kuuza kilo 20 za unga bila ya kula faida yake hata kidogo. Wakiwa wakopaji watano wa namna hiyo, zitakuwa kilo 100. Naye mwenye duka la jumla hangoji. Ataka fedha taslimu. Basi leo chumvi haipo, kesho sukari haipo, na mwisho mlango wafungwa. Watu husema, “Biashara imemshinda.” Kumbe ni sisi tuliomshinda!

Tusidhani kwamba kila asiyelipa ni mwovu. Mara nyingi kinachomzuia ni haya. Aona aibu kupita mbele ya duka, basi apita nyuma ya nyumba. Amtuma mtoto duka la mbali. Mwisho hata salamu yakatika. Mtu huyo amepoteza zaidi ya fedha, kwa maana mtoto wake akiugua usiku wa manane, atabisha mlango gani? Wahenga walisema, dawa ya deni ni kulipa. Nasi twaongeza: asiye na cha kulipa, na aende akaseme. “Shikamoo, mzee. Mshahara umechelewa. Pokea nusu hii, nyingine nitaileta Jumamosi.” Maneno hayo machache huokoa urafiki wa miaka mingi, mradi Jumamosi ikifika nusu hiyo iletwe kweli.

Mwenye duka naye ana wajibu wake. Aandike deni mbele ya mkopaji, na kumsomea alichoandika. Asimdai mtu kwa sauti mbele ya wateja wengine, wala asimtumie mtoto maneno ya kumwaibisha mzazi wake. Mizani yake iwe ya haki. Sheria yenyewe yadai hivyo, na Wakala wa Vipimo una kazi ya kuikagua. Chenji airudishe kwa fedha, wala asimlazimishe mteja kupokea pipi badala yake. Anayepunja shilingi 50 hawezi kumlaumu anayekimbia na 2,000.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi. Mtu akikosa kukopeshwa na jirani, sasa aweza kukopa kwa simu, kwa mkopeshaji asiyemjua na asiyejulikana. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni. Mwenye duka wa mtaani humwonea haya mdeni wake, maana kesho watakutana msibani au harusini. Mkopeshaji asiyeonekana hakutani naye popote. Tukiliua daftari la jirani, tutakuwa tumejipeleka wenyewe kwa mtu asiye na uso.

Basi tushike mambo matatu. Tukope chakula na dawa, wala si anasa. Tulipe deni la zamani kabla ya kuomba jipya. Na tunapokosa fedha, tusikose salamu. Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuagiza kitu kingine chochote, tumwulize mwenye duka, “Daftari lasemaje?” Mtaa ambao watu wake huuliza swali hilo bila ya kukumbushwa, duka lake halifungwi upesi, na watu wake hawalali njaa kwa kukosa wa kuwakopesha.