Boksi la Spika Kwanza, Ampu Baadaye

Mpiga gitaa akipakua programu ya ampu kwa mara ya kwanza, hukimbilia orodha ya ampu. Anafungua Marshall, anajaribu Vox, anarudi kwa Fender, anapandisha geini, anaishusha, na saa nzima ikipita sauti bado ni ileile, kali na nyembamba, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Hapo anakata shauri kwamba mambo ya kidijitali ni bandia, basi. Mimi napiga muziki wa dansi, solo zaidi na besi inapobidi, na karibu kila ninachorekodi nyumbani hakipiti kwenye ampu yoyote ya kushikika. Kwa uzoefu wangu, kuchagua ampu ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Kazi kubwa iko mlangoni, pale gitaa linapoingia kwenye kompyuta, na iko kwenye boksi la spika, pale sauti inapotokea.

Kwa nini nisinunue ampu yenyewe? Ampu ninayoipenda kwa dansi ni Fender Twin Reverb. Toleo la '65 linatoa wati 85 kwenye spika mbili za inchi 12, na linakaribia kilo 29. Utamu wake hautoki mpaka uifungue, na ukiifungua kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba atakuwa anabisha hodi kabla hujamaliza utangulizi. Kompyuta inanipa sauti ya namna hiyo usiku wa manane kwenye hedifoni, na si lazima ilipiwe. Neural Amp Modeler, kazi ya Steven Atkinson, ni ya bure. Humo hakuna mhandisi aliyekaa kuiga saketi moja moja. Programu inasikilizishwa sauti inayoingia kwenye ampu halisi na ile inayotoka, kisha inajifunza tofauti yake. Watu wenye ampu za thamani wamezinakili hivyo na kuzigawa bure mtandaoni.

Tuanze mlangoni. Pikapu za gitaa hutoa umeme dhaifu, na zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa, megaomu 1 hivi. Kwenye kadi ya sauti ya nje tundu hilo huandikwa Inst au Hi-Z, au kuna kitufe cha kubonyeza. Ukichomeka gitaa kwenye tundu la laini, ambalo ukinzani wake ni mdogo mno kuliko huo, trebo inafia njiani, na hakuna ampu wala ikwalaiza itakayoirudisha vizuri. Ukiona gitaa lako linasikika limefunikwa blanketi hata kabla hujaweka programu yoyote, angalia hapo kwanza.

Kisha kiwango. Ampu ya kushikika inapokea kinachotoka kwenye gitaa, hakuna mtu katikati. Programu inapokea ulichoamua wewe kwenye kitufe cha geini cha kadi ya sauti. Ukiingiza sauti kubwa mno, ampu iliyonakiliwa ikiwa safi inaanza kukwaruza; ukiingiza ndogo mno, inalala, haijibu vidole. Mimi hupiga akodi nzima kwa nguvu kuliko nitakavyopiga kwenye wimbo wenyewe, na kuacha kipimo kiguse kati ya -12 na -10 dB. Baada ya hapo kitufe cha kadi sikigusi tena. Nikitaka ampu ichangamke zaidi au ipoe, natumia kitufe cha kuingizia kilichomo ndani ya programu. Ndiyo maana priseti ya mtu mwingine inakuja kwako haina sura: yeye ana gitaa lenye pikapu nene zinazotoa umeme mwingi, wewe una pikapu nyembamba za koili moja, na kadi zenu hazikupimwa sawa.

Mngurumo nao. Nyumba zetu nyingi soketi zake hazina waya wa ardhini unaoaminika, na chaja ya laptopu hupenda kuimba pamoja nawe. Chomoa chaja, rekodi kwa betri, halafu geuka na gitaa mkononi polepole mpaka upate upande ambao kelele inapungua. Pikapu za koili moja zinanasa kelele kwa mwelekeo, na dansi karibu yote tunaipiga kwa pikapu hizo.

Ucheleweshaji, yaani muda kati ya kupiga na kusikia, unatisha watu bure. Weka bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha kHz 48. Hiyo yenyewe ni kama milisekunde 2.7, na ukijumlisha kuingia, kutoka na kazi ya kadi, mara nyingi unabaki chini ya milisekunde 10. Sauti hewani husafiri karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo mtu anayesimama mita tatu mbele ya ampu yake jukwaani anasikia kwa kuchelewa vilevile, wala halalamiki. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO iliyotengenezwa na kampuni ya kadi yako. Sauti ikikwaruza, panda hadi 256 na uvumilie.

Sasa boksi. Spika ya gitaa si kama spika ya redio. Ile ya inchi 12 inaporomoka kwa kasi ikishapita kHz 5 hivi. Yale makali yote ya juu inayameza. Ukichukua ampu bila spika na kuipeleka moja kwa moja kwenye hedifoni, unasikia kila kitu ambacho spika ingekificha, na hao ndio nyuki wa kwenye debe. Kwa hiyo programu huhitaji faili dogo liitwalo IR, ambalo limehifadhi tabia ya boksi fulani likiwa limewekewa maiki fulani mahali fulani. Mara nyingi maiki yenyewe ni Shure SM57, ambayo iko sokoni tangu 1965 na bado haijachoka. Ikielekezwa katikati ya koni, sauti inang'aa na kukata. Ikisogezwa kuelekea ukingoni, inakuwa nzito na ya giza. Kusogeza huko kwa sentimita chache kunabadilisha sauti zaidi kuliko kuhama kutoka ampu moja kwenda nyingine. Mtu asiyeamini afanye jaribio lifuatalo.

Rekodi mistari minane ya solo bila programu, gitaa tupu. Izungushe ijirudie. Weka ampu moja safi, vitufe vyote katikati, uiache. Sasa badilisha IR moja baada ya nyingine, mikono yako ikiwa imepumzika ili masikio yafanye kazi peke yake. Lakini linganisha volyumu kwanza, maana sauti iliyo juu kidogo tu itaonekana tamu zaidi hata kama haifai. Boksi la wazi nyuma lenye spika mbili za inchi 12, la ukoo wa Twin, ndilo linalonipa mlio wa dansi: mwepesi, wenye hewa, usiong'ang'ania chini. Boksi la spika nne lililofungwa nyuma ni zuri kwa roki, ila kwa rithimu yetu linaleta uzito usio na kazi. Chagua mawili au matatu unayoyapenda, mengine yote yafute. Nasema yafute, si yahifadhi. Mtu mwenye IR elfu moja hapigi gitaa, anafanya kazi ya karani wa masijala.

Angalia pia usiweke maboksi mawili kwa mfuatano. Nakala nyingi za Neural Amp Modeler ni za ampu peke yake, lakini nyingine zimenakiliwa pamoja na boksi na maiki. Ukiipa nakala ya namna hiyo IR juu yake, gitaa linazama kwenye matope. Soma maelezo ya aliyeinakili.

Mlango ukikaa sawa na boksi likikaa sawa, ampu inakuwa jambo la dakika tano. Kwa Twin nashusha besi mpaka 3, midi naiacha 5 au 6, trebo 6, na volyumu pale ambapo ukipiga kwa nguvu sauti inaanza kusaga kidogo, ukilegeza vidole inasafika. Ukitaka ile korasi ya miaka ya themanini inayoelea kulia na kushoto, ulizia programu inayoiga Roland JC-120, ampu iliyotoka 1975 ikiwa na korasi yake ndani. Riverbu fupi inatosha. Mwangwi mrefu kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ya magitaa ya kasi, ni uharibifu: noti zinakuja kwa kasi, na kila moja inakuta iliyotangulia bado imekaa kwenye kiti.

Wanaotumia programu hizi wengi ni wapiga roki, na priseti zimetengenezwa kwa gitaa moja kubwa linalojaza chumba kizima. Dansi haina gitaa la namna hiyo. Kuna solo, kuna sekondi, kuna rithimu, wakati mwingine mi-solo kwa wale wa mtindo wa Kongo, na besi chini yao wote. Kila moja likiwa nene na tamu peke yake, yakikutana yanagombania chumba. Kwa hiyo natafuta sauti nikiwa na bendi nzima inalia, kamwe si gitaa likiwa peke yake. Rithimu naikata chini yote hadi Hz 180 hivi, na inabaki nyembamba kiasi kwamba ukiisikiliza peke yake utaona aibu. Ndani ya wimbo inakaa vizuri kama ilivyo. Sekondi naipa IR ya giza kidogo, maiki imesogea ukingoni. Solo inapewa ile ya katikati ya koni, yenye kukata, na kompresa nyepesi ili noti za juu zisipotee. Magitaa matatu, ampu ileile moja, maboksi matatu. Kwa njia hiyo kila gitaa linapata nafasi yake kabla hujagusa mikisa.

Besi ina sheria zake. Hapa boksi si mfalme, kwa sababu besi iliyochomekwa moja kwa moja tayari ni sauti kamili. Kule Detroit, kwenye studio ya Motown, besi ya James Jamerson ilirekodiwa ikiingia moja kwa moja kwenye mikisa, na mpaka leo wapiga besi wanaisomea. Mimi huweka njia mbili. Ya kwanza ni besi safi, imekatwa juu ya Hz 200 na kubanwa na kompresa ya 4 kwa 1, iliyochelewa kushika kwa milisekunde 30 hivi ili pigo la kidole lipite kwanza. Ya pili inapita kwenye nakala ya Ampeg SVT, ile ampu ya wati 300 iliyotoka 1969 na boksi lake la spika nane za inchi 10, na hiyo naikata chini ya Hz 200 na kuikwaruza kidogo.

Kukwaruza huko si mapambo. Waya wa E wa besi unatetemeka kwa Hz 41, na spika ya simu haina uwezo wa kutoa kitu hicho, wala spika nyingi za daladala. Msikilizaji anatambua noti kwa sauti zake za juu, na mkwaruzo mdogo ndio unaozizalisha. Kwenye benga, ambako besi inatembea mbele na kuongea, njia hii ya pili naipandisha mpaka ikaribie ya kwanza. Ila ukishaweka njia mbili, geuza polariti ya moja yao na usikilize: upande ambao besi inanenepa ndio sahihi. IR na kazi ya programu huweza kuchelewesha njia moja kwa sampuli chache, na hapo chini panapungua bila wewe kujua kwa nini. Ikiwa hali hairidhishi pande zote mbili, sogeza rekodi ya njia moja sampuli kidogo kidogo mpaka zikutane.

Jambo la volyumu huwatoa wengi nje ya barabara. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii besi na trebo kwa uwiano uleule sauti ikiwa ndogo. Ukitengeneza sauti usiku kwa hedifoni ya chini, utapandisha chini na juu ili uridhike. Ukienda ukumbini na kufungua spika kubwa, besi itanguruma na trebo itatoboa. Kwa hiyo priseti za jukwaani nazitengeneza mchana, kwa sauti ya juu kadiri majirani wanavyovumilia, na bado nikifika ukumbini nashusha besi nusu hatua.

Ukumbini, uliza kabla ya kuchomeka waya: unaingia kwenye mikisa au kwenye ampu ya gitaa ya ukumbi? Ukiingia kwenye mikisa, IR iwe imewashwa. Ukiingia nyuma ya ampu ya gitaa, kwenye tundu la Return, izime, maana spika halisi ipo. Na mwombe fundi mitambo aiache ikwalaiza ya chaneli yako katikati mpaka wimbo wa kwanza uishe. Wengi wao wamezoea gitaa linalokuja bila boksi, kwa hiyo mikono yao inakwenda kushusha trebo kabla hawajasikia chochote.