Somo la Leo: Dishi la Ukubwa Gani Litafaa Kendwa?

Katika vijiji vya kaskazini Unguja, madishi ya televisheni yamekuwa mengi. Yapo juu ya mabati, yapo ubavuni mwa nyumba, mengine yamefungwa kwenye vigogo vya minazi. Wengine wanayaita ungo, kwa sababu umbo lake ni kama ungo wa kupepetea mchele. Majina yote mawili ni sawa.

Lakini siyo kila dishi linaleta picha. Yapo madishi yanayokaa juu ya paa mwaka mzima, yakifanya kazi ya kukusanya kutu tu. Mwenye nyumba amekwisha lipa, na fundi amekwisha ondoka. Mara nyingi kosa siyo la televisheni wala la king'amuzi. Kosa lilifanyika siku ya kununua: dishi lilichaguliwa bila hesabu.

Leo tutajifunza namna ya kuchagua. Chukua kalamu na karatasi. Hesabu zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya tu, zile ulizojifunza katika darasa la kisomo.

TUANZE NA MFANO

Tuseme yupo mama mmoja wa Kendwa anayelima mwani. Ndugu yake anaishi Maskati, Oman. Anamwambia kwa simu: "Dada, mimi hapa nina dishi dogo la sentimita 80, naona stesheni zote za Kiarabu. Nunua kama langu, nawe utaona."

Mama anauza mwani, ananunua dishi la sentimita 80, anamwita fundi. Fundi anazungusha dishi asubuhi hadi Magharibi. Picha hakuna. Fundi anasema king'amuzi ni kibovu. Mama ananunua kingine. Picha hakuna.

Je, ndugu wa Maskati alisema uongo? La, alisema kweli. Dishi lake linafanya kazi, lakini Maskati. Hebu tuone sababu.

SETILAITI IKO WAPI?

Setilaiti ni chombo kilichopelekwa angani kwa roketi. Setilaiti za televisheni zipo juu ya mstari wa Ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Katika umbali huo chombo kinaizunguka dunia kwa mwendo ule ule ambao dunia yenyewe inajizungusha. Kwa hiyo kwetu sisi tulio chini kinaonekana kama kimesimama pale pale. Ndiyo maana dishi linafungwa mara moja, na halihitaji kugeuzwa kila saa.

Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika juu ya wazo hili mwaka 1945. Mwaka 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi ya Zanzibar, setilaiti iitwayo Syncom 3 ilipeleka picha za Michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo hadi Marekani.

Kila setilaiti ina anwani yake angani, nayo inatajwa kwa digrii, Mashariki au Magharibi. Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, inatumia setilaiti za Eutelsat zilizo digrii 7 Mashariki. Setilaiti za Nilesat za Misri zipo digrii 7 Magharibi. Angalia vizuri: namba ni moja, pande ni mbili. Watu wengi wamekosea hapo. Unapoandika anwani ya setilaiti, usiandike 7 peke yake. Andika na upande wake.

MWANGA WA KARABAI

Sasa turudi kwa mama wa mwani. Fikiri juu ya karabai iliyotundikwa barazani. Walio chini yake wanasoma gazeti bila taabu. Aliye kwenye kona ya ua anaona mwanga, lakini herufi hazisomeki. Taa ni moja, ila mahali ni tofauti.

Setilaiti nayo inamulika namna hiyo. Wenyewe wanaielekeza kwa watu wanaotaka kuwahudumia. Nilesat imeelekezwa hasa Afrika ya Kaskazini na nchi za Kiarabu. Maskati imo katika mwanga mkali. Unguja ipo pembeni, nje ya kiini cha mwanga. Dishi linalotosha kule halitoshi huku. Na ikiwa mwanga haufiki kabisa, hata dishi kubwa kama ngalawa halitaleta kitu.

Kila kampuni ya setilaiti huchora ramani kuonyesha mwanga wake unafika wapi, na mara nyingi ramani hiyo inataja ukubwa wa dishi unaotakiwa kila mahali. Fundi mzuri anayo au anajua kuitafuta. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza siyo bei. Mwulize: "Stesheni ninayoitaka ipo setilaiti gani, na mwanga wake hapa Kendwa una nguvu kiasi gani?"

HESABU YA DISHI

Weka sufuria na beseni uani wakati wa manyunyu. Beseni litapata maji mengi zaidi, kwa sababu mdomo wake ni mpana. Dishi nalo ni hivyo: linakusanya mawimbi kutoka setilaiti na kuyarudisha kwenye kile kifaa kidogo kilicho mbele yake. Mafundi wanakiita elenbi. Wengine wanakiita jicho la dishi.

Ukubwa wa dishi hupimwa kwa upana wake, kutoka ukingo hadi ukingo. Lakini kinachokusanya mawimbi ni uso mzima. Kulinganisha madishi mawili, zidisha upana wa kila moja kwa wenyewe:

Dishi la sm 60: 60 x 60 = 3,600
Dishi la sm 90: 90 x 90 = 8,100
Dishi la sm 120: 120 x 120 = 14,400
Dishi la sm 180: 180 x 180 = 32,400

Sasa gawanya. 8,100 kwa 3,600 ni 2 na robo. Maana yake dishi la sentimita 90 linakusanya zaidi ya mara mbili ya dishi la 60, ingawa kwa macho limezidi kidogo tu. Dishi la 120 linakusanya mara 4. Dishi la 180 linakusanya mara 9.

KAMBA YA NDOO NA MVUA YA MASIKA

Zamani, mawimbi yakipungua, picha ilijaa chengachenga lakini mtu bado alionekana. Televisheni ya siku hizi ni ya dijitali. Picha ni safi kabisa, au inakatikakatika vipande vya mraba, kisha inapotea.

Ni kama kamba ya ndoo kisimani. Kamba ikifika maji, unateka. Ikipungua shibiri moja, hupati hata tone. Na maji ya kisima hushuka wakati wa kiangazi. Mwenye busara hakati kamba ya kutosha leo tu. Anaongeza pima moja kwa ajili ya siku ya shida.

Siku ya shida ya dishi ni siku ya mvua kubwa. Stesheni nyingi tunazozitazama majumbani zinatumia mawimbi ya bendi ya Ku. Urefu wa wimbi lake ni karibu sentimita 2 na nusu. Matone makubwa ya mvua yanayapunguza nguvu mawimbi hayo. Bendi ya C ina mawimbi marefu zaidi, karibu sentimita 7 na nusu, na mvua haiyasumbui sana. Lakini madishi yake ni makubwa, mara nyingi mita 1.8 au zaidi.

Kwa hiyo, fundi akikuambia dishi la sentimita 60 linatosha, mwulize: linatosha Januari kwenye jua, au linatosha pia mwezi wa Aprili, masika inapomwagika? Ukiweza, chukua la 80 au 90. Hiyo ndiyo kamba ya ziada. Hata hivyo mvua kubwa mno inaweza kukata picha kwa dakika chache. Subiri ipite, usipande juu ya paa lenye maji kuzungusha dishi.

JE, KUBWA ZAIDI NI BORA SIKU ZOTE?

La. Dishi kubwa lina mambo yake matatu.

Kwanza, upepo. Uso ukiwa mara 4, upepo wa kaskazi au wa kusi unalisukuma kwa nguvu mara 4. Dishi la 120 linataka nguzo nene iliyosimikwa kwa zege. Kulifunga kwenye mti unaoyumba ni kutupa fedha.

Pili, kulenga. Dishi kubwa linaona sehemu nyembamba zaidi ya anga. Likisogea kidogo tu, setilaiti imelipotea. Nguzo lazima isimame wima. Ipime kwa timazi, kama afanyavyo mwashi.

Tatu, chumvi. Kendwa ipo pwani, na hewa ya bahari inakula chuma. Chagua dishi lenye rangi nzuri isiyochubuka, na bolti zisizoshika kutu. Dishi lililobonyea usilinunue, hata kwa bei ya chini. Kwa wimbi la sentimita 2 na nusu, bonde dogo linatawanya mawimbi badala ya kuyakusanya.

MAHALI PA KULISIMAMISHA

Hapa sisi wa Unguja tuna bahati. Makka ipo karibu kaskazini kabisa kwetu, kwa hiyo kila kijiji kinajua kaskazini ilipo. Simama ukielekea Kibla. Nyoosha mkono wa kushoto sawasawa: hapo ni magharibi. Usogeze mkono mbele kidogo tu. Huko ndiko iliko setilaiti ya digrii 7 Mashariki.

Usishangae kwamba inaitwa Mashariki na wewe unatazama magharibi. Hiyo digrii 7 inahesabiwa kutoka mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Kendwa ipo karibu digrii 39 Mashariki kwa hesabu hiyo hiyo, kwa hiyo 7 ipo magharibi yetu.

Sasa inua mkono hadi karibu digrii 52. Upeo wa bahari ni 0 na utosini ni 90, basi 52 ni zaidi kidogo ya nusu. Pwani ya Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo dishi hilo linaelekea upande wa bahari. Njia ni nyeupe, ila minazi.

Kuti la mnazi linazuia mawimbi, na likiwa limelowa linazuia zaidi. Hesabu yake ni hii: mnazi ukilizidi dishi kwa mita 10 kwenda juu, nao upo upande wa setilaiti, usiwe karibu kuliko mita 8. Ukizidi kwa mita 15, uwe mbali angalau mita 12. Acha nafasi zaidi, maana mnazi unakua.

Jua nalo linaweza kukusaidia. Kila mwaka, siku chache baada ya tarehe 20 Machi na tena karibu na tarehe 20 Septemba, kiasi cha saa tisa alasiri, jua linapita nyuma ya setilaiti hiyo. Picha inaweza kukatika dakika chache kwa siku kadhaa. Usiite fundi, dishi ni zima. Badala yake angalia kivuli. Ikiwa wakati huo kivuli cha mti kinaangukia dishi, basi mti huo ndio unaokuzuia.

KABLA YA KULIPA

1. Andika majina ya stesheni unazotaka. Kama ni ZBC tu, huenda antena ya kawaida na king'amuzi cha minara kinatosha, na dishi halihitajiki.
2. Mwambie fundi ataje setilaiti, digrii zake na upande wake.
3. Mwambie ataje ukubwa wa dishi kwa Kendwa, siyo kwa Maskati wala Dubai.
4. Aje na dishi la kujaribia. King'amuzi kinaonyesha vipimo viwili, nguvu na ubora. Tazama ubora. Nguvu inaweza kuwa juu na picha isiwepo.
5. Kagua waya na viungio vyake. Kamba hukatikia pembamba. Kiungio kilichoingia maji kinaharibu kazi ya dishi zuri.
6. Uliza kama kuna malipo ya kila mwezi, na ni kiasi gani.
7. Lipa fedha ya mwisho baada ya kuona picha. Dai risiti, uisome, uiweke.

Angefanya hivi, mama wa mwani angejua siku ile ile kwamba dishi la sentimita 80 halikuwa la kazi ile. King'amuzi cha pili asingekinunua. Ndugu msomaji, ulijifunza kusoma na kuhesabu ili asikuuzie mtu kitu usichokijua. Fundi ana ujuzi wake, mheshimu. Lakini fedha ni yako.

MANENO YA KUJIFUNZA

King'amuzi: kifaa kinachogeuza mawimbi yawe picha na sauti.
Timazi: uzi wenye uzito wa kupimia wima.
Kiini: sehemu ya katikati.
Upeo: pale bahari na mbingu zinapoonekana kukutana.

MASWALI

1. Kwa nini dishi la setilaiti ya televisheni halihitaji kugeuzwa kila saa?
2. Dishi la sentimita 180 linakusanya mara ngapi kuliko la sentimita 90? Onyesha hesabu.
3. Kikundi cha baraza kina dishi la 60. Picha ni nzuri siku za jua, lakini inapotea kila mvua inaponyesha. Taja mambo mawili ya kukagua.
4. Simama uani kwako ukielekea Kibla. Je, kuna mti upande wa mkono wa kushoto? Kadiria urefu wake na umbali wake, kisha useme kama utazuia dishi au hautazuia.

Jadilianeni majibu katika kikundi chenu cha kusoma.