Tone la Damu Kwenye Karatasi
Katika ufuatiliaji wa malaria wilayani Karagwe, mkoani Kagera, tone la damu ya mgonjwa aliyeridhia hukaushwa kwenye karatasi ya kuchujia, kisha hupelekwa maabara ili vinasaba vya kimelea visomwe. Kinachotafutwa ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya K13, liitwalo R561H, ambalo lilikwisha kuonekana nchini Rwanda. Kimelea chenye badiliko hilo hakiishindi dawa. Huchelewa kufa, hata siku ya tatu kikaonekana bado damuni. Hapo mzigo huielemea lumefantrini, mwenzi wa atemeta katika dawa mseto ya ALu. Kwa hiyo mgonjwa aliyepata nafuu siku ya pili asiviweke akiba vidonge vilivyobaki: dozi ni 6, kwa siku 3.