Kidukari wa Kabichi: Mfahamu Kabla ya Kuikataa Mboga

Mnunuzi anapogeuza jani la sukuma wiki na kukuta vijidudu vya rangi ya majivu, mara nyingi huirudisha mboga mezani. Somo hili linaeleza mdudu huyo ni nani, na kwa nini jani lisilo na mdudu si lazima liwe salama zaidi.

Umbile na chakula chake
Kidukari wa kabichi (Brevicoryne brassicae), ambaye wakulima huwaita yeye na jamaa zake wadudu mafuta, ana urefu wa takriban milimita 2. Mwili wake wa kijani umefunikwa na unga wa nta. Hufyonza utomvu kwa mdomo mfano wa sindano, na huishi kwenye mimea ya jamii ya kabichi pekee.

Uzazi
Katika maeneo ya joto, majike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai ambao hukomaa kwa muda wa wiki moja hivi. Jani likijaa, huzaliwa wenye mabawa, wakahamia shamba jingine.

Je, ana madhara kwa mlaji?
Kidukari haumi watu wala hana sumu kwa mlaji. Hatari hutokana na hofu yetu kwake. Mkulima anayeogopa kukataliwa sokoni hushawishika kunyunyiza kiuatilifu siku chache kabla ya kuvuna, na kwa kuwa nta huzuia dawa kushika, hurudia tena na tena. Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye lebo. Usipozingatiwa, mabaki hufika mezani. Baadhi ya viuatilifu hupenya ndani ya jani, na hivyo haviondoki kwa maji.

Ushauri kwa mlaji
1. Muulize muuzaji mboga ilinyunyizwa dawa lini. Yenye harufu ya dawa usiinunue.
2. Usikatae mboga kwa sababu ya vidukari wachache.
3. Ondoa majani ya nje ya kabichi.
4. Kabla ya kukata, loweka majani kwenye maji ya chumvi kwa dakika chache, kisha osha moja moja kwa maji safi yanayotiririka, hasa upande wa chini.
5. Usioshe mboga kwa sabuni.